Kilometa Elfu Sitini na Moja

Gari la mahakama lilikuwa linaondoka saa nane kamili mchana, na dereva aliyeitwa Polepole alikuwa ameshapangiwa kiti ndani yake. Saa ya ukutani ya gereji ya kituo cha polisi ilionyesha saa nne na nusu. Ndani ya gereji ile hakukuwa na kitu ambacho hakijawahi kuharibika isipokuwa saa hiyo.

Inspekta alisimama mbele ya lori, jalada la kesi likiwa kwapani. Lilikuwa lori dogo la tani tatu, rangi ya bluu inayong'aa kila mahali isipokuwa puani, kwa sababu siku nne zilizopita pua hiyo iliingia kwenye ukuta wa ghala moja chini ya mteremko. Kati ya pua na ukuta kulikuwa na kiti cha mbao, na juu ya kiti alikuwa ameketi mlinzi wa ghala. Mlinzi alizikwa jana.

Polepole alisema breki zilikataa. Mashahidi wawili walisema lori lilishuka mbio. Mkaguzi wa magari aliandika ripoti ya nusu ukurasa akisema mpira wa breki wa mbele kushoto, ule unaopitisha mafuta hadi kwenye gurudumu, ulipasuka kwa kugonga ukuta, na kwamba kabla ya hapo lori lilikuwa zima. Kwa hiyo shtaka likawa kuendesha kwa uzembe na kusababisha kifo, kosa ambalo mtu akipatikana nalo anahesabu miaka. Kwamba mtu aliyebandikwa jina la Polepole na madereva wenzake, waliochoka kumsubiri kila safari, leo anashtakiwa kwa mwendo kasi, ni kichekesho ambacho siku nyingine Inspekta angekisimulia mwenyewe.

Leo hakuwa na hamu ya kucheka. Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwamo kwenye jalada, na yeye ndiye aliyeliacha nje.

Miezi miwili nyuma, siku yake ya mapumziko, alimsindikiza jirani yake kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Jirani huyo ni mjane anayefyatua na kuuza matofali, na mtaa mzima unamwita Mama Matofali. Polepole, aliyefuatana nao, ni mdogo wake wa tumbo moja. Yadini walikuta malori mawili ya aina moja yamesimama ubavu kwa ubavu. La kwanza lilikuwa na miaka kumi na sita na kilometa laki tatu na themanini. Lilikuwa limetoka kubeba mchanga asubuhi ile ile, rangi imebabuka, mlango wa abiria umefungwa kwa kamba. La pili lilikuwa hili la bluu, matairi mapya, kilometa elfu sitini na moja, umri miaka minne kwa maelezo ya mwenye yadi. Bei yake ilizidi ya lile kuukuu kidogo tu, na hilo peke yake lilipaswa kumwamsha mtu usingizini.

Lakini Inspekta alikuwa na sifa yake. Alipokuwa kikosi cha usalama barabarani aliwanasa wauzaji kumi na mmoja waliorudisha nyuma mita za kilometa, na tangu hapo watu walimwita Jicho. Ndugu, jamaa na marafiki hawakununua gari bila kumpeleka. Kila mmoja aliuliza swali lile lile, limetembea kilometa ngapi, na kila mara Inspekta alijibu swali hilo hilo. Siku ile alikagua mpira wa pedali, usukani, kitasa cha gia na skrubu za dashibodi, akasema kilometa ni za kweli. Polepole aliyawasha malori yote mawili, akayasikiliza, akasema yeye angechukua lile kuukuu.

"Hili kila kitu chake kimeshabadilishwa," alisema. "Hilo la bluu hakuna aliyewahi kuligusa."

Wale wanawake wawili, Mama Matofali na Inspekta mwenyewe, walimcheka. Mwenye yadi alicheka zaidi.

Sasa Inspekta alikuwa ameanza upya pale pale, safari hii akiomba awe alikosea. Yeye na fundi wa gereji ya kituo, mzee mkimya anayevaa miwani iliyofungwa kwa waya, walitumia saa nzima juu ya dashibodi. Kama mita ilirudishwa nyuma, basi kuna tapeli, na kama kuna tapeli, kuna mlango wa kumtolea Polepole. Walichunguza skrubu moja baada ya nyingine. Hazikuwa na alama ya bisibisi. Mifereji ya mpira wa pedali ya breki ilikuwa bado imesimama. Namba za kitasa cha gia zilisomeka kama siku zilipochapwa.

Fundi alivua miwani. "Elfu sitini na moja ni elfu sitini na moja, afande. Hapa hakuna mkono wa mtu."

Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yake kutamani udanganyifu na kuukosa. Ukweli wenyewe ndio uliokuwa umemfungia Polepole mlango. Lori la miaka minne lenye kilometa chache hivyo halikatiki breki. Kila hakimu angesema hivyo, na mwezi mmoja nyuma Inspekta naye angesema hivyo.

Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa lori, akayarudia mazungumzo ya asubuhi mahabusu. Polepole alikuwa amezungumza kwa taratibu zake zile zile, huku anajifuta uso kwa kola. Alisema pedali ilizama hadi chini mara moja bila kukutana na kitu. Alisema pia, kama jambo dogo, kwamba kwa wiki mbili kabla ya ajali alikuwa anaongeza mafuta ya breki kila baada ya siku tatu. Inspekta alimuuliza kwa nini hakusema. Polepole alijibu kwamba alimwambia dada yake, na dada yake akamjibu asiwe na wasiwasi, lori jipya hilo, limekaguliwa na Inspekta mwenyewe.

Mafuta yanayopungua kila siku tatu yanatoka mahali fulani. Na yalikuwa yanatoka kabla ukuta haujaguswa.

"Nashuka shimoni," alimwambia fundi.

Lori lilikuwa limesukumwa juu ya shimo la ukaguzi, upana wa mabega ya mtu mmoja, kina cha kumfika kifuani. Upande wa mbele shimo lilizibwa kwa mbao kwa sababu kingo zilikuwa zimebomoka. Njia pekee ya kuingia na kutoka ilikuwa ngazi nne za saruji upande wa nyuma. Chini kulikuwa na harufu ya dizeli iliyolala, na tumbo la lori lilikuwa karibu na kichwa chake kiasi cha kumlazimisha ainame.

Alianza na kushoto, kwenye mpira uliopasuka. Mkaguzi alikuwa na haki ya kuushuku ukuta, maana gurudumu la upande ule lilikuwa limesukumwa hadi kwenye chesisi. Kisha akahamia kulia. Gurudumu la kulia halikuguswa. Hata vumbi la barabarani lilikuwa bado limelala juu yake. Akaufungua mpira wa breki wa upande huo kwa spana, akaukunja kidogo chini ya tochi.

Ukafunguka nyufa kutoka mwanzo hadi mwisho, nyembamba, nyingi, kama kisigino kisichopakwa mafuta. Aliukunja tena na kipande kikabaki kidoleni. Akaenda magurudumu ya nyuma, akaona mistari mikavu ya mafuta yaliyovuja kwa muda mrefu kutoka kwenye silinda zote mbili za breki.

Mpira huu haukuuawa na barabara. Barabara inakula matairi, inakula bushi, inakula mpira wa pedali. Mpira wa breki unaliwa na miaka, na miaka inaula hata lori likiwa limesimama. Inspekta alisimama ameinama vile vile, akaelewa kosa lake lote kwa mara moja. Alikuwa amekagua safari za lori, na hakuwahi kukagua siku zake.

Kibati cha kiwandani chenye mwaka wa kutengenezwa, kinachokaa kwenye nguzo ya mlango, kilikuwa kimepakwa rangi ile ile ya bluu mpaka maandishi yakazama. Siku ya kununua aliona rangi nzuri. Kadi ya gari nayo "ilikuwa inashughulikiwa", maneno ambayo kila aliyewahi kununua gari la mkononi anayajua, na Mama Matofali alipewa nakala ya kivuli iliyofifia. Asubuhi hii alikuwa ameomba kumbukumbu za usajili, akaambiwa siku tatu.

"Fundi," aliita kutoka chini. "Mkanda wa kiti cha dereva una lebo ya kiwanda, iko mwisho kabisa, karibu na mzizi wake. Aliyebadilisha matairi akapaka kibati rangi hawezi kukumbuka mkanda. Uvute wote."

Akasikia fundi akipanda, mlango ukifungwa, kisha kimya.

Baada ya dakika chache mwanga wa ngazini ukapungua. Mwenye yadi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya juu, suruali yake safi ameikunja magotini, mkoba wa plastiki mapajani. Alikuwa ameitwa kutoa maelezo saa sita, na askari wa zamu, kwa wema wake, alimwelekeza huku.

"Shikamoo ya shimoni, Inspekta," alisema, na akacheka mwenyewe. "Tuongee hapa hapa. Hapa hakuna masikio."

Inspekta alimwambia ampishe apande. Mwenye yadi hakusogea. Alisema kwa upole kwamba amesikitishwa na msiba wa mlinzi, na kwamba haoni kwa nini yadi yake iingizwe. Mkataba wa mauzo uko wazi: kilometa elfu sitini na moja, na kilometa ni za kweli. Kuhusu umri wa lori mkataba hausemi neno, unasema tu limeuzwa lilivyo. Inspekta aliujua mkataba huo kwa moyo. Alikuwa ameusoma mara tatu alfajiri, na mara zote tatu hakukuta umri.

"Hili lori lilisimama," alisema Inspekta, mpira wa breki mkononi. "Lilifanya kazi kidogo, kisha likasimama muda mrefu. Wewe unajua."

"Na likisimama? Gari lililosimama halichoki. Miaka kumi na tatu limekaa ndani ya bohari, halikuona jua wala mvua. Ndugu wawili wanagombania mali ya baba yao, lori linangoja. Wewe ulitaka lililobeba mchanga?"

Inspekta aliiweka namba hiyo akilini. Alikuwa hajataja miaka mingapi.

Mwenye yadi alifungua mkoba na kutoa karatasi moja. Hakuisoma, aliielekeza tu kwenye mwanga. Inspekta aliijua kwa rangi yake ya njano. Siku ile ya ununuzi, wakiwa wamesimama na furaha zao, aliombwa asaini fomu ya ukaguzi ya yadi, "kwa kumbukumbu tu, mama". Alisaini. Tena, kwa kujisikia, aliandika na cheo.

"Kazi za watu binafsi kwa cheo cha serikali," alisema mwenye yadi. "Halafu kesi ya lori hilo hilo unaichunguza wewe. Mkuu wako anajua?"

Mkuu hakujua. Jalada lilipoletwa, Inspekta alilidaka kabla ya mwingine, akijiambia atalimaliza kimya kimya na Polepole atalala nyumbani. Sasa alikuwa amesimama chini ya lori alilolichagua mwenyewe, mbele mbao, juu chuma, na njia ya kutokea imekaliwa na mtu anayetabasamu. Aliogopa. Alifikiria mwaka wa kumi na tisa wa kazi yake na mtoto wake aliye chuoni.

"Unataka nini?"

"Mpira huo nipe, nikautupe. Huo wa kushoto ripoti imeshausemea. Na mimi nakupa hii, ukachome. Hakuna nakala, nakuapia, sikuwahi kuona haja. Dereva atakwenda, hakimu atamwonea huruma, yataisha."

Inspekta aliutazama mpira, kisha akanyoosha mkono mtupu. "Tangulia wewe. Nione ni yenyewe."

Mwenye yadi alisita, akapima, akaona mwanamke aliye ndani ya shimo hawezi kukimbilia popote. Akainama akampa karatasi. Inspekta aliimulika kwa tochi na kuisoma kwa mara ya kwanza. Siku ile alitazama mahali pa kusaini tu.

Juu kabisa, kwa mkono wa mwenye yadi, herufi kubwa za mtu anayependa mwandiko wake: *Kilometa: elfu sitini na moja. Umri wa gari: miaka minne. Nathibitisha.* Chini yake saini yake na muhuri wa yadi. Chini ya muhuri, saini ya Inspekta, na cheo.

Alisoma mstari wa pili tena. Kile ambacho mkataba ulikwepa kukisema, fomu ilikisema. Mwenye yadi alikuwa ametembea na silaha hii miezi miwili, akifurahia saini ya chini, na hakuwahi kusoma mstari alioandika mwenyewe.

"Fundi," Inspekta aliita, "lebo inasemaje?"

Juu ya vichwa vyao mlango wa lori ukafunguka. "Miaka kumi na tano, afande," sauti ya mzee ikajibu. "Na huyu bwana nimemsikia mwenyewe. Kumi na tatu bohari."

Tabasamu la mwenye yadi liliondoka kwa vipande. Alisimama, akaomba karatasi yake. Inspekta alikuwa ameshaikunja ndani ya jalada. Alipanda ngazi nne akiwa na mpira mkononi, na safari hii alipishwa.

Askari wa zamu alimchukua mwenye yadi kwenda chumba cha maelezo. Saa ya ukutani ilisema saba na robo. Fundi aliteremka taratibu, akafuta miwani kwa kitambaa kilichoichafua zaidi.

"Afande," alisema bila kumtazama, "mimi nimesikia habari za lori. Hayo mengine sikuyasikia. Masikio yangu yamezeeka."

Ilikuwa zawadi, na Inspekta alijua thamani yake. Alipiga hesabu palepale. Lebo na mpira vingetosha kuonyesha lori ni zee na breki zilikufa kabla ya ukuta. Lakini mwenye yadi angekana kusema umri, angekunjua mkataba wake, na kosa lingeshuka kwa waliolitia lori bovu barabarani: mwenye lori na dereva aliyejua mafuta yanapungua. Dada na mdogo wake wangebadilishana tu mlango wa kuingilia gerezani. Karatasi pekee iliyomfunga mwenye yadi ilikuwa ile ya njano, na haichaniki kati ya saini zake mbili. Ukiipeleka, inakwenda nzima.

"Ahsante, mzee wangu," alisema. "Andika na hayo mengine. Andika yote."

Kwenye korido Mama Matofali alikuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, mifuko miwili miguuni. Alisimama alipomwona.

"Mdogo wangu, niambie tu. Huu una chakula, huu una nguo na blanketi za huko gerezani. Nimpelekee upi?"

Inspekta alikaa kwanza. "Dada, lori lile mimi ndiye niliyekuchagulia."

"Najua. Nilikuwepo."

"Kwenye maelezo yako hukunitaja."

Mama Matofali alitazama mifuko yake. "Nilisema nilinunua mwenyewe. Una mtoto anasoma. Nikasema hasara ikae kwa mmoja." Alikaza fundo la mfuko mmoja. "Lakini usiku silali. Namsikia akisema tuchukue lile jingine, nami namcheka."

 Inspekta aliaibika, aibu iliyompanda hadi masikioni, na alitamani jirani yake amtukane badala ya kumhurumia. Aliinuka akagonga mlango wa mkuu wa kituo.

Mkuu alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo kwake si la kawaida. Aliukunja mpira wa breki kwa vidole vyake, akatazama unga mweusi ulioangukia meza. Alisoma fomu ya njano mara mbili. Mara ya pili alikaa muda mrefu kwenye saini ya chini. Kisha akafungua dirisha, akamwambia dereva wa gari la mahakama kwamba jalada la lori limerudi kwenye uchunguzi na mahabusu wa chumba cha pili haendi. Akaita askari wa zamu, akaagiza mwenye yadi asitoke, na ndugu wa Polepole aambiwe alete mfuko wa chakula.

Alirudi kwenye kiti, akavuta fomu mpya ya maelezo.

"Kesi hii huigusi tena," alisema. "Unaelewa?"

"Naelewa, afande."

"Shahidi wa kwanza ni nani?"

"Ni mimi."

Mkuu aliandika jina lake bila kumuuliza. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa. Nje gari la mahakama lilipiga honi, geti likafunguliwa na kufungwa.

"Umri?"

"Arobaini na mbili."

"Kazi?"

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Mkuu hakuinua macho, na Inspekta aliona kwamba anampa muda. Kofia yake ilikuwa mezani kati yao, nembo ikimtazama mkuu.

"Andika inspekta wa polisi," alisema. "Leo bado ndivyo ilivyo."

Mkuu akaandika.